Semei Kakungulu: Jemadari wa Bukedi Aliyekufa Akiwa Myahudi



Sisi tunaotoka Busia kuja kusoma Mbale tunaijua njia hii hata tukifumba macho. Unavuka mpaka, unaingia taksi, mwamba wa Tororo unajitokeza mbele yako, kisha gari linaelekea kaskazini mpaka Mlima Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba, unafunika upande mzima wa kulia. Tunapita tukisinzia au tukitazama simu. Ni wachache wanaojiuliza ni nani wa kwanza kuziweka nchi hizi zote, za Bagwere, Banyole, Jopadhola, Bagisu na Iteso, chini ya mkono mmoja, kabla Busia haijawa mji wa mpaka na kabla reli haijafika Tororo.

Hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mwafrika aliyekuja na bunduki na Biblia ya Kiganda, akaota kuwa mfalme, akanyimwa, na mwisho akajifungia chini ya mlima akawa Myahudi bila ya kumwona Myahudi hata mmoja. Jina lake Semei Lwakilenzi Kakungulu. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, na watu aliowaacha katika dini hiyo wapo mpaka leo, jirani zetu wa karibu kabisa.

Kabla sijaendelea, nitoe shubuha moja. Msomaji Mwislamu wa Uganda akisikia jina Kakungulu humkumbuka Mwanamfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Nuhu Mbogo, mzee wetu wa Kibuli aliyesimamia elimu ya Waislamu. Huyo ni mwingine, Allah amrehemu. Ninayemwandika hapa alipigana upande wa pili. Ndiyo maana nimeona inafaa tumsome sisi, kwani historia ya mtu aliyekupiga ina faida zake.

Kakungulu alizaliwa karibu na mwaka 1868 huko Koki, ufalme mdogo kusini-magharibi ya Buganda uliokuwa ukilipa kodi kwa Kabaka. Alikuwa mwindaji wa ndovu, na ustadi wa bunduki ndio uliomfungulia mlango wa Buganda katika miaka ya 1880, wakati wa Kabaka Mwanga. Huko akasoma kwa wamisionari wa Kiprotestanti na kubatizwa Semei.

Sasa tusimame kidogo tuitazame Buganda aliyoingia, kwa sababu bila hiyo hatutaelewa kilichomtokea baadaye. Uislamu ulitangulia Ukristo katika kasri la Kabaka. Ulikuja na wafanyabiashara wa pwani, na Kabaka Mutesa wa Kwanza alifunga Ramadhani miaka kadhaa kuanzia 1867, akajenga misikiti na kuamrisha watu wake wasalimiane kwa salamu za Kiislamu. Lakini hakutahiriwa. Mila ya Buganda ilikataza damu ya mfalme kumwagwa. Mwaka 1876 vijana wa kasri walikataa kula nyama iliyochinjwa na mtu asiyetahiriwa na kukataa kusali nyuma ya imamu wa namna hiyo. Mutesa aliwaua, wengi wao kwa kuchomwa moto Namugongo. Hao ni mashahidi wetu, na walitangulia kwa miaka kumi wale mashahidi wa Kikristo ambao dunia nzima inawajua. Kwa hiyo tohara katika Buganda haikuwa jambo la usafi wa mwili tu. Ilikuwa alama ya mtu kumtii nani: Kabaka au Mungu.

Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo waliungana kumwondoa Mwanga. Haikupita hata miezi miwili, Waislamu wakawafukuza wenzao na kumweka Kalema, Kabaka wa kwanza kukubali kutahiriwa. Chini ya Kalema kulikuwa na tohara ya kulazimisha watu. Haipendezi kuiandika katika gazeti letu, lakini ilitokea, na tukiificha tutakuwa tunawadanganya wadogo zetu. Wakristo walikimbilia upande wa Ankole, wakajipanga, wakarudi. Kakungulu alikuwa miongoni mwa wapiganaji waliorudi, na katika vita vile, vya 1889 na 1890, ndipo jina lake lilipovuma. Akaendelea kuwa jemadari wa upande wa Waprotestanti katika mapigano yaliyofuata, dhidi ya Waislamu na pia dhidi ya Wakatoliki. Mwisho wake Waislamu wa Buganda walibakiwa na saza moja tu, Butambala. Hadi leo ukikutana na Muganda Mwislamu mwulize kwao wapi, na jibu mara nyingi ni hilo hilo.

Kakungulu alipanda cheo, akaoa binti wa ukoo wa kifalme, akawa na wafuasi wengi. Tatizo lake lilikuwa mtu mmoja: Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, Mprotestanti mwenzake. Buganda haikuwatosha wawili hao. Kagwa alikuwa hodari wa kalamu na baraza, Kakungulu hodari wa uwanja wa vita, na kila zama za vita zinapokwisha mwenye kalamu ndiye hubaki. Kakungulu akaanza kuangalia mashariki, ng'ambo ya Nile.

Nafasi aliipata kwa ushindi mkubwa kuliko wote. Tarehe 9 Aprili 1899, akiwa pamoja na askari wa Kiingereza chini ya Evatt, aliwakamata katika nchi ya Lango wafalme wawili kwa mpigo: Kabalega wa Bunyoro, aliyewapinga Waingereza kwa miaka mingi, na Mwanga mwenyewe, aliyekuwa ameasi na kumkimbilia adui yake wa zamani. Wote wawili walipelekwa uhamishoni visiwa vya Shelisheli. Fikiria: Kakungulu alimkamata Kabaka yule yule ambaye kasri lake ndilo lililomlea. Wengine wanamwita shujaa kwa jambo hilo. Mimi nasema alilipa bei ya kuingia katika utumishi wa Waingereza, na baadaye akaja kugundua kwamba risiti hakupewa.

Zawadi yake ilikuwa ruhusa ya kwenda kuiteka na kuitawala Bukedi, kama walivyoziita Baganda nchi zote za mashariki. Alianza Bululu kando ya Ziwa Kyoga, akashuka kusini, na mwaka 1901 akajenga makao Budaka, ambapo si mbali na barabara yetu. Kila alipopita alijenga boma, akaweka wakala wa Kiganda, akachimba barabara zilizonyooka, akapanda migomba, akagawa nchi kwa masaza na magombolola kama Buganda. Kiganda kikawa lugha ya ofisi, ya kanisa na ya kesi. Ndiyo sababu hadi leo ukishuka Tororo, mji wa Jopadhola wasiohusiana na Baganda kwa lugha wala kwa nasaba, utauziwa embe kwa Kiganda.

Tusiupambe utawala ule. Ulikuwa wa kuteka. Askari wake walichukua ng'ombe, vijiji vilichomwa, na watu ambao hawakuwahi kuwa na mfalme walijikuta na mkusanya kodi mlangoni. Wazee wa Bukedi wana masimulizi yao juu ya mawakala wa Kiganda, na si mazuri. Mtu anayeandika maisha ya Kakungulu kwa kumsifu tu awaulize kwanza Jopadhola na Bagisu.

Yeye mwenyewe aliamini kwamba ameahidiwa ufalme. Sir Harry Johnston, kamishna aliyeandika Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, alizungumza naye kwa namna iliyomfanya Kakungulu afahamu kwamba atakuwa Kabaka wa Bukedi. Johnston akaondoka mwaka 1901. Waliokuja nyuma yake hawakutambua ahadi yoyote. Mwaka 1902 Waingereza waliichukua Budaka na utawala wa Bukedi, wakamwachia ardhi ya maili za mraba 20 upande wa Mbale, ahamie huko na watu wake. Alihamia. Palipokuwa na nyasi na vichaka chini ya mlima pakaota mji, wenye mashamba ya migomba na soko lililovuta wafanyabiashara wa Kiswahili, wa Kiarabu na wa Kihindi. Mbale hii tunayosomea ilianza hivyo, kama mji wa mtu aliyefukuzwa kwingine.

Mwaka ule ule wa 1902 palitokea jambo jingine ambalo sisi wa Busia hatufundishwi shuleni. Jimbo la mashariki la Uganda, lililofika mpaka karibu na Naivasha, lilihamishwa kwenda himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo. Hapo ndipo mpaka uliposogea ukaja huku kwetu, na ndipo ndugu wa ukoo mmoja, Wasamia kwa Iteso, wakagawanywa na mstari. Mwaka mmoja baadaye, 1903, waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimwambia Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayoni, kwamba Wayahudi wa Ulaya wanaweza kupewa ardhi katika nchi hizi. Wayahudi wa Urusi walikuwa wakiuawa. Mauaji ya Kishinev yalikuwa yametokea miezi michache tu kabla. Ardhi yenyewe ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, panapofika barabara ya kutoka Malaba kwenda Eldoret, lakini watu wa Ulaya walizoea jina la zamani, wakauita mpango wa Uganda. Hakuna aliyewauliza Wanandi wala Wamasai. Mkutano wao wa Basel uligawanyika vibaya juu ya jambo hilo, Herzl akafa mwaka 1904, na mwaka 1905 wakaikataa ardhi ile.

Basi Wayahudi wa Ulaya hawakuja Uganda. Na katika miaka ile ile, safari ya siku chache kutoka hapo, alikuwepo jemadari mwenye kinyongo ambaye bila ya kualikwa na yeyote angekuja kujiita Myahudi. Sijui kama kuna mtu wa riwaya angethubutu kulibuni hilo.

Kuanzia 1906 Waingereza walimpeleka Jinja kuwa mkuu wa baraza la Busoga. Kwa maneno ya heshima ilikuwa kupandishwa cheo, ila wote walijua ni kumtoa Mbale penye watu wake. Alikaa huko mpaka 1913. Aliporudi Mbale alikuta mashina mengi aliyoyapanda yameng'olewa. Maafisa vijana wa Kiingereza, ambao walikuwa watoto wakati yeye anamkamata Kabalega, walimpa amri. Alikuwa na miaka arobaini na kitu. Wengi katika hali hiyo hugeukia pombe au kesi za ardhi. Yeye aligeukia kitabu.

Biblia nzima ilikuwa imetolewa kwa Kiganda mwaka 1896, na Kakungulu alikuwa msomaji. Kwanza alijiunga na Bamalaki, dhehebu lililoanzishwa mwaka 1914 na Malaki Musajjakawa pamoja na chifu mkubwa wa Buganda, Joswa Kate, mwenye cheo cha Mugema. Bamalaki walibatiza watu bila ya masomo marefu, na walikataa dawa za hospitali kabisa, wakisema mganga ni Mungu peke yake. Serikali iliwachukia kwa hilo, na Malaki mwenyewe alikuja kuhamishwa. Hapa siwezi kumtetea Kakungulu. Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kutafuta tiba, na mtu anayewazuilia wagonjwa dawa, hata kwa nia njema, anabeba dhima. Lakini tuone pia upande wa pili wa shilingi: dawa ilikuja pamoja na mkono uliomnyang'anya Bukedi. Kwa mtu kama yule, kuikataa sindano kulikuwa kumkataa mchomaji.

Katika kusoma kwake hakusoma kama wengine. Aliona kwamba vitabu vya Musa vinaamrisha mambo waziwazi: siku ya saba, vyakula vilivyokatazwa, na tohara, ambayo Ibrahim aliamrishwa kwa ajili ya kizazi chake chote. Aliuliza kwa nini basi Wakristo hawafanyi. Majibu aliyopewa hayakumtosheleza. Inasimuliwa kwamba wenzake Bamalaki walimwonya kuwa anayeyashika hayo si Mkristo bali Myahudi, naye akajibu kwamba kama ni hivyo basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alijitahiri, akawatahiri wanawe, na wafuasi wake wakamfuata. Alikuwa amekwisha kuhamia Gangama, chini kabisa ya mlima upande wa magharibi, na huko akaiita jamii yake kwa Kiganda jamii ya Wayahudi wanaomtegemea Mungu. Jina Abayudaya, wanalotumia mpaka leo, si lolote ila Wayahudi kwa Kiganda.

Nimelitafakari sana jambo hili la 1919, maana mimi nasomea dini na tohara tunaisoma katika mlango wa tahara kama jambo la kawaida kabisa. Kwake yeye halikuwa la kawaida. Kumbuka Mutesa. Kumbuka kwamba katika Buganda mfalme hatahiriwi, na kwamba mtu huyu alikuwa ametumia miaka ishirini akitaka kuitwa Kabaka wa Bukedi. Siku aliyojitahiri, kwa hesabu ya Kiganda, aliufunga mlango huo kwa mkono wake. Hakuna aliyemlazimisha. Wengine husema aligeuza dini kwa hasira ya siasa tu, kuwakomoa Waingereza. Hasira ilikuwepo, sikatai. Lakini mwenye hasira ya siasa hutafuta kinachomrudishia cheo, na huyu alichagua kinachomwondolea.

Swali linalomjia kila mwanafunzi ninayezungumza naye juu ya Kakungulu ni hili: kwa nini asiwe Mwislamu? Tohara tunayo, uchinjaji tunao, nguruwe hatuli, Mungu mmoja ndio msingi wetu, na Musa na Ibrahim (a.s.) ni Manabii wetu. Waislamu walikuwa sokoni pale pale Mbale. Myahudi hakuwepo hata mmoja. Isitoshe, Bagisu wanaomzunguka walikuwa na jando lao, imbalu, tangu zamani, kwa hiyo kisu chenyewe hakikuwa kigeni mlimani.

Nionavyo mimi, jibu lipo katika yale ya 1888 na miaka iliyofuata. Alitujua kwa kupitia bunduki. Uislamu aliouona ujanani ulikuwa kundi la kisiasa lililomfukuza nchini na kulazimisha watu tohara, naye akaupiga mpaka ukabaki Butambala. Mtu hawezi kwa wepesi kuingia nyumba aliyoibomoa ukuta. Kama tungekuwa tumemfikia kwa njia nyingine, Allah ndiye ajuaye. Lakini ni funzo gumu kwa wanaodhani kwamba nguvu ndiyo inayovuta watu: alikuja mpaka kizingitini, akaikuta milango miwili, akaingia ule ambao nyuma yake hakukuwa na mtu wa kumkumbuka kwa ubaya.

Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha Kiganda cha kurasa zipatazo tisini, mwongozo wa dini kwa watu wake. Kilikuwa bado mchanganyiko: walikuwa wakishika Jumamosi na tohara, na huku mambo ya ubatizo na ya Agano Jipya hayajawatoka. Ndipo katika miaka hiyo ya 1920 akafika Myahudi halisi, mtu wa kupita aliyetajwa kwa jina la Yosef. Alikaa nao takriban miezi sita. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu, baraka za chakula, uchinjaji na herufi za Kiebrania, na akawaeleza kwamba mabaki ya Ukristo hayafai. Kakungulu aliyakubali. Naomba tulitazame hilo. Mzee aliyewahi kuwa na majeshi, aliyeandika kitabu cha dini kwa mkono wake, anakaa chini mbele ya msafiri asiye na cheo na kukubali kusahihishwa. Katika adabu za mtafuta elimu tunafundishwa jambo hilo hilo, na wengi wetu bado tunashindwa hata mbele ya maprofesa.

Alifanya pia shule ndogo ya kufundishia vijana yale aliyoyapata. Alipofariki mwaka 1928 jamii ile ilihesabiwa kuwa na watu wapatao 2,000. Hawakuwa na rabi, wala uhusiano na Wayahudi wa nje, wala mfadhili. Wengine walirudi Ukristo mara tu mzee alipozikwa. Waliobaki waliongozwa na Samson Mugombe, mwanafunzi wake, na walishika wakajitenga, wasiokula nyama ila iliyochinjwa na mkono wao. Hivyo wakaishi kwa zaidi ya miaka thelathini, wakulima wa kahawa na ndizi mlimani, wanaosali kwa Kiganda kwa sababu Kiebrania walikijua kidogo tu.

Kisha akaja Idi Amin.

Amin alichukua nchi mwaka 1971 na mwaka 1972 akavunja uhusiano na Israeli. Dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku, masinagogi yakafungwa na kubomolewa, na watu wakaambiwa wachague. Baadhi waliingia Ukristo, na baadhi wakasilimu. Waliokataa walisali usiku, majumbani, milango imefungwa, na baada ya uvamizi wa Entebbe mwaka 1976 hali ikawa ya hatari zaidi. Alipoanguka Amin mwaka 1979 walikuwa wamebaki mia chache tu, wengi husema 300.

Hapa ndipo ninapotaka tusipite haraka. Katika kipindi hicho hicho sisi Waislamu wa Uganda tulipata mengi. Uganda iliingia katika jumuiya ya nchi za Kiislamu, na ni katika mkutano wa Lahore wa mwaka 1974 ndipo ilipoamuliwa kwamba pajengwe chuo kikuu cha Kiislamu Uganda. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1988, hapa Mbale, na sisi ndio matunda yake. Alhamdulillah kwa hilo. Lakini wakati mlango huo unafunguliwa kwetu, kilima cha pili, cha Nabugoye, watu walikuwa wakitamka shahada kwa hofu. Fiqhi tuliyosomeshwa ina msimamo juu ya shahada ya namna hiyo, na aya ya 256 ya Suratul Baqara inaijua kila mtoto wa madrasa. Hao waliosilimu kwa woga, na wakarudi dini yao milango ilipofunguliwa, hatuna haki ya kuwaita murtadi. Waliopaswa kujibu ni waliowatisha.

Nalisema hili kwa sababu tunaliishi. Katika mjadala mmoja mwaka jana, tulipokuwa tukizungumza juu ya Palestina, ndugu mmoja alisimama akasema kwamba hatuhitaji kwenda mbali, maadui wapo Nabugoye, twende tukawaoneshe. Baadhi walicheka, baadhi walipiga takbira. Uchungu wetu juu ya Palestina ni wa haki, na siupunguzi hata chembe. Lakini mzee wa Kigisu mwenye kikofia chake, ambaye babu yake alitahiriwa Gangama mwaka 1919 kwa kusoma Biblia ya Kiganda, hajamfukuza Mpalestina yeyote nyumbani kwake. Ana shamba la kahawa. Watoto wake wamo katika shule wanazosoma watoto wa ndugu zetu. Mtume (s.a.w.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoulizwa aliwakumbusha waliouliza kwamba ile pia ilikuwa nafsi ya mtu. Ikiwa tunamfuata yeye, basi tumfuate na hapo.

Baada ya 1979 waliofufua jamii ile walikuwa vijana, wa umri wetu sisi. Walikusanyika tena Nabugoye mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakajenga, wakajifundisha Kiebrania upya, wakaandika barua nje. Mwaka 2002 marabi wa kutoka nje walikuja na kuwathibitisha wengi wao rasmi. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda kusomea Marekani na mwaka 2008 akawa rabi. Mwaka 2004 mwingine, J.J. Keki, alizunguka kwa miguu nyumba hadi nyumba akiwaomba majirani wauze kahawa pamoja: Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Chama hicho cha ushirika wakakiita Mirembe Kawomera, yaani amani iliyo tamu. Waislamu walijiunga tangu mwanzo, nao wamekuwa na viti katika uongozi wake. Wale wazee wetu hawakungoja semina ya mazungumzo ya dini. Waliona bei ya kahawa imeshuka, wakaona jirani ana gunia na wao wana gunia.

Na Bukedi aliyoitaka Kakungulu? Ufalme haukuja. Ardhi yake ilikatwakatwa, na serikali ikazigawa nchi zile kwa wilaya, moja baada ya nyingine, hadi Busia na Tororo zikawa kila moja na makao yake. Kaburi lake liko Gangama, pembeni tu mwa mji, na wanaolitembelea ni wachache. Mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao ni Wakristo na Waislamu, walipiga kura wakamchagua mbunge wao. Waliyemchagua ni yule rabi wa Nabugoye.